Deki ya Popobawa: jinsi ya kujenga deki yenye mada katika mchezo wa vampaya

Kila baada ya wiki mbili tatu hutokea mtu mpya kibarazani kwetu. Hukaa pembeni, akatazama mchezo mmoja mpaka mwisho, kisha maswali huanza, na ni yale yale. Nianze na karata gani? Naweza kuchanganya koo za vampaya? Mbona yule ana vampaya watatu na mimi bado sina hata mmoja? Nimejibu mpaka kahawa inapoa, ndiyo nikaona bora niandike mara moja.

Mchezo wenyewe ni Vampire: The Eternal Struggle. Aliyeubuni ni Richard Garfield, na ulitoka 1994 kwa jina la Jyhad, ukabadilishwa jina mwaka uliofuata. Heri walibadilisha. Sijui ningeanzaje kumweleza mama kuwa naenda kucheza kitu chenye jina lile baada ya sala ya isha. Karata mpya ziliacha kuchapishwa 2010, zikarudi 2018 mikononi mwa Black Chantry Productions, na zinaendelea mpaka leo.

Nikisema deki sina maana ya kupiga deki, wala deki ya meli ya Pemba. Ni lile fungu la karata unalokuja nalo mezani, lako mwenyewe, ulilolichagua moja moja. Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na turufu. Kwenye turufu sote tunagawana fungu moja lile lile, lakini hapa kila mtu huja na zake, na mara nyingi aliyeshinda alishinda juzi yake, pale alipokaa kuchagua.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Kanuni za mchezo, umezisoma walau mara moja. Si lazima uzielewe zote.
- Njia ya kuziona karata zote. Tovuti ya VDB ni ya bure: unatafuta karata kwa ukoo au kwa kipaji, unapanga deki yako humo, na inakuhesabia.
- Karata zenyewe. Seti zilizokwisha pangwa za ukoo mmoja ndizo rahisi kuanza nazo. Kama huna mtu wa kukuletea kutoka nje, utachapisha karatasi. Nitaeleza kwenye hatua ya 6.
- Vifuko vya plastiki vya karata vya rangi mbili, kwa sababu vampaya hawachanganywi na karata nyingine.
- Komwe. Kila mchezaji huanza na pointi 30, kwa hiyo meza ya watu watano inataka 150, na zaidi kidogo za akiba. Bao moja lina kete 64. Mabao matatu ni 192, yanatosha bila ya kugombana. Waombe wazee wa bao kwa adabu, na uzirudishe zote. Kete mbili zikipungua utasikia habari zake mwaka mzima.
- Kalamu, daftari, na saa mbili tulivu.

Maneno tutakayotumia

Karata ni za Kiingereza, lakini mezani tunasema Kiswahili, na ndivyo nitakavyoandika hapa. Fungu la vampaya tunaliita kaburi; fungu la karata nyingine zote ni maktaba. Zile pointi 30 ni hazina, na zikiisha umetoka. Aliyekaa kushoto kwako ni windo lako, aliyekaa kulia ni mwindaji wako. Kumpunguzia windo hazina yake tunaita kumnyonya. Kificho ni uwezo wa kitendo chako kupita bila ya kuzuiwa, na macho ni uwezo wa mwenzako kukiona na kukizuia: macho yakifika sawa na kificho, umezuiwa. Vampaya akishafanya kitendo unamlaza, zamu yako ikirudi unamsimamisha.

Mengine utayajua mezani.

Hatua ya 1. Andika mada kwa sentensi moja yenye kitendo

Wengi huanguka hapa kabla hawajagusa karata. Anayeanza akiambiwa "deki yenye mada" hukusanya picha: karata zote zenye paka, karata zote zenye wanawake wenye magauni mekundu. Inapendeza ukiitandaza mkekani, kisha inatolewa mezani mapema na mwenyewe hajui nini kilimpata. Mada ni kile utakachomfanyia windo lako kila zamu. Picha zitafuata wenyewe.

Nitatumia mfano wa nyumbani. Popobawa, yule shetani wa usiku, kila mtu hapa anamjua, hata anayesema hamwamini. Waliokuwa wakubwa 1995 wanakumbuka jinsi habari zilivyoanzia Pemba zikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje, wamejikusanya pamoja, taa zinawaka. Na husemwa kuwa anayemkana ndiye anayetembelewa, basi mimi simkani, namtengenezea deki tu. (Kama unaishi na bibi, usilitaje jina hili nyumbani usiku. Iite "deki ya popo" yaishe.)

Sentensi yangu ni hii: huja bila ya kuonekana, huchukua kidogo kidogo, akikutwa hupiga kwa mbali akaondoka.

Tazama, sentensi ile tayari imeshanichagulia karata. "Bila ya kuonekana" ni kificho. "Kidogo kidogo" inaniambia nitanyonya mara nyingi kwa kiasi kidogo, sitangoja pigo moja kubwa. "Hupiga kwa mbali" ni aina ya mapigano. Sentensi isiyokuchagulia karata, mfano "vampaya wa kutisha wa kisiwani", ifute uandike nyingine. Wote wanatisha.

Ukitaka mumiani badala ya popobawa, sawa: "hukusanya damu ya watu na kuifanyia biashara" inakupeleka kwa ukoo wa Tremere na uchawi wao wa damu. Ukitaka waheshimiwa wa kura na vikao, nenda kwa Ventrue. Lakini sentensi kwanza.

Hatua ya 2. Tafuta ukoo unaoweza kuifanya kazi hiyo

Kila ukoo una vipaji vyake. Toreador wana Auspex, Celerity na Presence. Ventrue wana Dominate, Fortitude na Presence. Nosferatu wana Animalism, Obfuscate na Potence. Animalism ni kuwatuma wanyama, popo na panya wakiwemo. Obfuscate ni kujificha. Nosferatu wenyewe wana sura mbaya na hukaa mashimoni chini ya miji. Popobawa amepata ukoo, na hatukuhangaika.

Kwenye karata ya vampaya kipaji huonyeshwa kwa alama. Alama ya mraba ni kiwango cha chini. Alama iliyosimama kwa ncha, kama uru, ni kiwango cha juu. Karata nyingi za maktaba zina maandishi mawili, moja kwa kila kiwango. Mwenye uru anaweza kutumia lolote kati ya mawili, mwenye mraba la kwanza tu. Basi unapochagua vampaya usitazame jina wala sura, tazama uru ziko wapi.

Shika ukoo mmoja kwa deki yako ya kwanza. Kuchanganya kunaruhusiwa, na wako wanaochanganya vizuri, lakini mgeni akichanganya hujikuta na karata mkononi ambayo vampaya aliye naye haiwezi, na vampaya anayeiweza bado yuko kaburini.

Hatua ya 3. Jaza kaburi

Kaburi lisipungue karata 12. Weka 12 kamili. Mchezo ukianza unavuta 4, unaziweka kifudifudi mbele yako, na kila zamu unahamisha pointi kutoka hazina yako kwenda juu ya vampaya unayemtaka mpaka zifike uwezo wake, hapo anaamka. Uwezo huanzia 1 mpaka 11. Kwa kawaida una uhamisho 4 kwa zamu, isipokuwa zamu ya kwanza kabisa: anayeanza hupata 1, wa pili 2, wa tatu 3, na kutoka hapo kila mtu 4.

Sasa hesabu, maana fedha yako ndiyo roho yako. Ukiwaamsha watatu wa uwezo 9, 8 na 8, umetoa 25. Umebaki na 5, na mwindaji wako anacheka. Ukiwaamsha wa 6, 5 na 4, umetoa 15, nusu ya hazina iko salama na wote watatu wameshasimama wakati yule mwenye wakubwa bado anahangaika na wa pili. Deki inayochukua kidogo kidogo inataka mikono mingi, kwa hiyo popobawa wangu ni wa uwezo wa 4 mpaka 6, na mmoja au wawili wa 7 au 8 wenye uru ya Obfuscate na Animalism.

Swali la nakala huulizwa kila mara: niweke mara ngapi vampaya ninayemtaka zaidi? Katika kaburi la 12 ukivuta 4, nafasi ya kumwona mwenye nakala 1 ni kama asilimia 33. Nakala 2, asilimia 58. Nakala 3, asilimia 75. Nakala 4, asilimia 86. Mimi huweka nyota wangu mara 3, wa pili na wa tatu mara 2 kila mmoja, na waliobaki moja moja. Usizidishe. Vampaya ni wa pekee, ukimpata mara mbili yule wa pili atakaa kifudifudi bila ya kazi, na kuvuta mwingine kutoka kaburini kunakula uhamisho wako wote 4 na pointi 1 juu.

TAHADHARI: kila vampaya ana namba ya kundi chini ya karata. Kaburi moja huruhusiwa kundi moja, au makundi mawili yanayofuatana: la 5 na la 6 sawa, la 2 na la 5 haifai. Nimemwona mtu anakata karata usiku kucha, asubuhi ndiyo anaonyeshwa namba. Angalia kwanza, kata baadaye.

Hatua ya 4. Panga maktaba kwa mafungu

Maktaba ni karata 60 mpaka 90. Anayeanza huona 90 ni utajiri. Mimi nasema 70. Ukipungukiwa na karata maktabani hufungwi kwa hilo, unaendelea tu bila ya kuvuta, na kwa 70 zile karata unazozitaka zinakuja upesi.

Chukua daftari, chora mafungu, weka idadi KABLA ya majina. Ukianza na majina utapenda kila kitu. Langu lilikuwa hivi:

Karata za mkuu, 12. Hizi unazicheza wewe mwenyewe bila ya vampaya, na kwa kawaida ni moja tu kwa zamu. Ndiyo sababu ya kutozijaza: ukiwa na nne mkononi, tatu zimekaa tu na zinaziba njia. Niliweka Blood Doll 6, Villein 4, na Slum Hunting Ground 2. Mbili za kwanza kazi yake ni kurudisha damu, yaani zile pointi zilizo juu ya vampaya, kuja hazina yako. Ya tatu ni mahali pa Nosferatu kujipatia damu bila ya kwenda kuwinda. Ni ya pekee, mbili zatosha; ukiivuta ya pili itupe.

Vitendo, 12. Army of Rats 4, inayomtoa windo pointi 1 kila zamu yake inapoanza. Panya si popo, najua, lakini kitendo ni kile kile: kidogo kidogo. Kisha Computer Hacking 8, ambayo ni kunyonya kwa 2 badala ya 1. Hapa niseme ukweli kuhusu ukoo huu: Nosferatu kwa vipaji vyao hawana mbinu ya maana ya kunyonya kwa wingi. Dominate na Presence wanazo, wao hawana. Popobawa mwenye kompyuta anachekesha, mwenzetu mmoja wa Wete haachi kuniuliza kama anatumia bando la usiku, lakini bila ya hiyo mchezo unakuwa mrefu mno. Mada isikufunge macho kwa karata mbili tatu unazozihitaji.

Vifaa na wafuasi, 6: Laptop Computer 2, na Raven Spy 4. Kunguru yule huongeza macho 1 kwa vampaya aliye naye, na bila ya macho kidogo mwindaji wako atakutafuna.

Kificho, 20. Hili ndilo fungu kubwa na ndilo deki yenyewe. Lost in Crowds 8, Cloak the Gathering 6, Swallowed by the Night 6. Kwa nini nisiweke 20 za Lost in Crowds kwa kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi? Kwa sababu vampaya mmoja hawezi kutumia karata yenye jina lile lile mara mbili kwenye kitendo kimoja. Mwenzako akikutolea macho 2, utahitaji majina mawili mbalimbali mkononi. Kosa hili sijaona mgeni asiyelifanya.

Kujikinga, 8. Zote On the Qui Vive, inayomwezesha vampaya aliyelala kuzuia kama aliyesimama. Ukoo wenye Auspex au Dominate wangeweza kumgeuzia mwingine unyonywaji. Sisi hatuna, basi tunazuia.

Mapigano, 12. Zote Aid from Bats. Popo wenyewe hawa. Hupiga kutoka mbali na karata yenyewe inakusaidia kufika huko mbali. Mpinzani anayetegemea ngumi anabaki akirusha mikono hewani.

Jumlisha: 12, 12, 6, 20, 8, 12. Ni 70.

Hatua ya 5. Toa karata zinazogombana

Pitia orodha na uulize kila karata: unaisaidia sentensi, au unaivuruga? Nosferatu wana Potence, na mgeni akiona Immortal Grapple moyo unamruka. Ni karata kali sana. Lakini inamkamata mpinzani karibu na kulazimisha ngumi, na popo wangu wanataka umbali. Karata mbili nzuri, kila moja inaiua mwenzake. Ukitaka Potence, basi badilisha sentensi na utoe popo, uwe na deki ya kubomoa milango. Nayo ni nzuri kwa namna yake. Usiwe na zote mbili.

Karata za "labda itanifaa" nazo ziondoke. Karata moja moja ya kila kitu huwa haipo siku unapoitaka, na siku huitaki ndiyo hiyo mkononi.

Hatua ya 6. Chapisha, kata, vika

Kama una karata halisi, ruka hatua hii. Kwa mchezo wa barazani karatasi zinakubalika kabisa maadamu wenzako wamekubali. Kwa mashindano rasmi ya VEKN, chama cha wachezaji wa mchezo huu duniani, uliza kwanza kama zinakubalika.

Karata ni milimita 63 kwa 88. Karatasi ya A4 inaingia 9, yaani tatu kwa tatu. Kaburi 12 na maktaba 70 ni 82, kwa hiyo kurasa 10. Mwambie kijana wa duka la fotokopi achapishe kwa asilimia 100, "asitoshelezee ukurasa", maana mashine ikipunguza kidogo tu zinacheza ndani ya vifuko. Rangi si lazima. Nyeusi na nyeupe inasomeka, na bei yake ni nyingine.

Kata kwa wembe na rula ya chuma, si mkasi. Kila kipande kiweke kifukoni pamoja na karata ya kawaida ya turufu nyuma yake ili kipate uzito; pakiti kuukuu mbili zinatosha. Kaburi livike rangi moja, maktaba rangi nyingine.

Na unyevu. Wakati wa masika karata zisizovikwa hujikunja kama sambusa. Kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana linafaa kuliko boksi la karatasi.

Hatua ya 7. Jaribu mkono peke yako

Usikimbilie meza. Changa karata, vuta 7 za maktaba na 4 za kaburi, zitazame. Je, yuko vampaya unayeweza kumwamsha kufikia zamu ya pili? Ipo walau karata moja ya mkuu na mbili za kificho? Andika ndiyo au hapana, rudisha, changa tena. Fanya mara kumi. Ukipata "hapana" zaidi ya mara tatu, rudi hatua ya 3 au ya 4 na ubadilishe karata mbili tatu, si ishirini. Anayebadilisha ishirini kwa mpigo hajui kilichomponya.

Kisha cheza zamu tano za hewani bila ya mpinzani, uone hazina yako inashuka mpaka ngapi. Ikifika chini ya 10 kabla hujamgusa mtu, vampaya wako ni wakubwa mno.

Hatua ya 8. Meza ya kwanza

Mtakuwa wanne au watano. Unamnyonya windo lako tu, aliyekaa kushoto. Kila vampaya hunyonya mara moja tu kwa zamu. Ukimtoa windo unapata alama 1 ya ushindi na pointi 6 za hazina, na aliyekuwa kushoto kwake ndiye windo lako jipya.

Usiogope ile 30 ya mwanzo. Windo lako litajipunguzia lenyewe: likishaamsha vampaya wake linabaki na kumi na tano au chini. Vampaya watatu wakinyonya 1 kila mmoja, na panya 1, ni 4 kwa mzunguko. Fanya hesabu uone haichukui muda.

Makosa matatu nayaona kila mara. La kwanza, kutupa karata ya kificho kabla hajatokea wa kukuzuia. Ngoja ajaribu kwanza. Kificho huchezwa pale kinapohitajika. La pili, kusahau kuvuta. Ukicheza karata unavuta nyingine papo hapo ili mkono ubaki 7, humngoji mtu. La tatu ni kulaza vampaya wote kwa kunyonya huku mwindaji wako amesimamisha watatu. Mwache mmoja amesimama, au uwe na On the Qui Vive mkononi.

Na ukubali kusema na watu. Mchezo huu una midomo kama siasa zetu. Aliyekaa mbali nawe, asiye windo wala mwindaji, mara nyingi ana haja ile ile uliyo nayo. Mwombe amzuie fulani, mpe sababu.

Ikiharibika

*Mkono umejaa kificho, hakuna cha kufanya.* Kunyonya hakuhitaji karata. Vampaya yeyote hunyonya kwa 1 bila ya kitu mkononi, na kificho hufanya kazi hapo. Pia mwisho wa zamu una nafasi ya kutupa karata moja na kuvuta nyingine. Wageni huisahau kabisa. Kama inakutokea kila mchezo, punguza kificho kwa 3, ongeza vitendo 3.

*Mkono umejaa karata za mkuu.* Punguza mpaka 10. Anza na Villein.

*Vampaya wangu hawana damu.* Umezivuta zote kwa Blood Doll. Vampaya asiye na damu hata tone hulazimika kwenda kuwinda kabla ya kitu kingine, na zamu yake imekwenda. Mwachie walau 2.

*Kila kitendo kinazuiwa.* Mbele yako pana deki ya macho, labda Auspex. Usishindane naye kila mara. Toa kitendo cha bei rahisi kwanza, achome karata zake za kuzuia, kisha mtume yule uliyemkusudia. Akikuzuia na kukupiga, popo hao.

*Ninyonyapo kwa 2 ananigeuzia kwa mtu mwingine.* Huyo ana Dominate au Auspex. Deki ya kidogo kidogo haiumii sana na hilo, tofauti na wale wanaonyonya 6 kwa mkupuo. Tanguliza vya 1, akitumia karata ya kugeuza kwa pointi moja, faida ni yako.

*Natolewa wa kwanza kila siku.* Angalia umekaa baada ya nani. Kama mwindaji wako ni yule yule kila wiki, pigeni kura ya viti upya kabla ya kuibomoa deki. Kama ni watu mbalimbali, ongeza Raven Spy 2 na utoe Computer Hacking 2, ucheze meza tatu ndipo uamue.

*Mzazi anauliza kama ni uchawi.* Mkalishe, mpe karata 7 na komwe 30, mweleze windo na mwindaji. Wangu alicheza zamu nne, akasema ni bao lenye picha mbaya, akaniuliza kete za mzee wa jirani zinarudi lini.